Wifi Yangu na Chupa za Giza

Wifi yangu alipohamia kwetu alikuja na sanduku moja, redio iliyovunjika antena, na tabia ya kufunua vitu. Siku hiyo ya kwanza, kabla hajakaa chini, alikwisha funua masufuria yangu yote matatu, akachungulia nyuma ya kabati, akanyanyua kifuniko cha cherehani yangu aone natia mafuta gani. Mume wangu, ambaye ni kaka yake, akacheka.

"Huyu tangu utotoni tunamwita Chungulia," akasema. "Mama alimchapa, akachoka mchapaji."

Mimi sikucheka. Ni mtu wa wasiwasi, sifichi. Nina watoto wanne, na kitindamimba wangu alizaliwa na kifua dhaifu. Mgeni akiingia kwangu namtazama mikono kabla ya uso. Mikono ya wifi ilikuwa safi kupita yangu, kucha zimekatwa fupi kama za muuguzi, na hilo nalo likanitia mashaka. Nikajiuliza, huyu anaosha nini hivi?

Alikuwa anaosha mazoea tu. Kwa miaka kumi na tisa alifanya kazi katika kiwanda cha soda. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kigoda mbele ya ubao wa taa nyeupe huku chupa tupu zikipita mstarini, naye anatafuta kilichobaki ndani: unywele, mende mdogo, kijipande cha kioo. Chupa yenye kasoro anaichomoa, nyingine zinaendelea. Alisema ukipepesa macho vibaya, chupa tatu zimeshapita. Mumewe alifariki wakati huo, hawakujaliwa watoto, naye akaendelea kukaa mbele ya ile taa. Halafu kiwanda kikaleta mashine yenye kamera. Wakaambiwa asanteni.

"Hiyo kamera inaona nini ambacho mimi sioni?" alikuwa akiuliza jikoni kwangu, mara mia. Hasira hakuwa nayo. Alitaka kujua kweli.

Dakika ishirini kwa miguu kutoka kwetu kuna kituo cha utafiti wa bahari, jengo la ghorofa mbili lenye mabomba yanayovuta maji ya chumvi mchana kutwa. Walikuwa wanatafuta muosha chupa. Wifi akaenda, akapewa chupa moja chafu ya majaribio. Akaiosha, akaisuuza mara saba, akainyanyua dirishani, akairudisha kwenye sinki. Mtafiti, mwanamke mwembamba wa viatu vya mpira ambaye kila mtu anamwita Dokta, akamuuliza imekuwaje.

"Ina alama ya maji hapa begani," wifi akamjibu. "Kiwandani ningeichomoa."

Akapata kazi. Mwaka wa pili Dokta alimkalisha mbele ya hadubini kwa mzaha, aone kama jicho la soda linafaa. Likafaa. Wifi yangu, aliyeishia darasa la saba (mimi niliishia la sita, naye hajawahi kuniacha nisahau), akawa mhesabu bakteria.

Neno hilo lilipoingia nyumbani kwangu nilisimama.

"Bakteria gani?"

"Wa bahari."

"Na hiyo mikono ndiyo unayomshikia mwanangu?"

"Wifi, hawa wakitolewa kwenye chumvi wanakufa. Na wewe ukienda kuoga baharini unawameza maelfu kwa funda moja. Mbona hujafa?"

"Siogi baharini."

"Basi umewakosa."

Kwa miezi miwili nilimwekea sabuni yake mlangoni, kando, na taulo yake. Alinawa bila kununa, akiniimbia taarabu za kuchokoza. Ila kila jioni tulipokuwa tukichambua mchele alikuwa akinisimulia, na mimi, nikijifanya sisikii, nilikuwa nasikiliza.

Alisema mbali na pwani, maji yale mazuri ya bluu yana njaa kali. Hakuna chakula cha kutosha. Hata hivyo yamejaa bakteria, tone moja lina umati. Wanaishije? Dokta na wenzake wa nchi nyingi wamekuwa wakilifuatilia swali hilo, na sehemu ya jibu ni kwamba wengi wao wana kichembe cha rangi kwenye ngozi yao, na kichembe hicho kinashika mwanga wa jua.

"Kama majani," nikasema, kwa kuwa hilo nililisoma.

"Nilijua utasema hivyo. Hapana. Jani linapika. Linachukua mwanga na hewa na maji, linatoa chakula. Hawa hawapiki. Wanachaji tu."

"Kama simu?"

"Kama simu."

"Lakini mtu mwenye njaa akichaji simu, njaa si iko palepale?"

Akaacha kuchambua. Nilimwona amefurahi, jambo ambalo kwangu halikuwa la kawaida. "Iko palepale," akasema. "Ila hafi haraka. Hapo ndipo tunapotafuta."

Mfano wa mambo yanavyokwenda alifundishwa na fundi pampu wa kituo, mzee mcheshi asiyeacha mtu apite bila neno. Jua likikipiga kile kichembe cha rangi, kinasukuma vichembe vidogo vyenye umeme vitoke nje ya ngozi ya bakteria, kama pampu inavyopandisha maji kwenye tangi la juu. Nje vinajazana. Vinataka kurudi. Mlango wa kurudia una kigurudumu, navyo vikipita kigurudumu kinazunguka, na hapo ndipo nguvu inapopatikana. Tangi, bomba, gurudumu. Nililielewa kuliko nilivyotarajia. Kilichonikosesha raha ni pale aliposema kwamba ile rangi ni ndugu ya rangi iliyomo machoni mwetu, ile tunayoipata kwenye karoti, ambayo bila yake mtu haoni kukiingia giza.

"Kwa hiyo wanaona?"

"Hapana. Sisi tumeitumia kuonea, wao wanaitumia kuishi."

Nililala na hilo. Kesho yake nilimnunulia kitindamimba wangu karoti, na ile sabuni ya mlangoni nikairudisha bafuni.

Basi Dokta akapanga jaribio. Chupa ishirini na nne za maji ya bahari yaliyoondolewa chakula, bakteria wa aina moja ndani yake. Kumi na mbili zikae wazi juani, kumi na mbili zikae gizani, zote ndani ya beseni moja kubwa juu ya paa la kituo, maji ya bahari yakipita ili joto liwe sawa. Kila baada ya siku mbili, usiku, Dokta anachukua kijiko kutoka kila chupa, wifi anawahesabu. Wa gizani walitarajiwa kupungua kwa njaa. Wa juani wangehimili.

Chupa za giza zilihitaji mifuko. Wifi akamwambia Dokta, "Wifi yangu ni fundi cherehani, hana mpinzani."

Sijui kama alimaanisha au alitaka tu nijisikie vizuri. Niliishona mifuko kumi na miwili kwa turubai jeusi, zito, ambalo mwanga haulipenyi kabisa. Kitambaa nilikijaribu kwa kukishika dirishani kabla ya kukata. Na kwa kuwa ingekaa majini, nilitumia sindano nene ya jinzi na nikapiga mshono mara mbili, sambamba, kushoto na kulia, na chini kwenye kitako pia. Mfuko ule ungebeba mawe. Nilijivunia.

Siku ya nane wifi alirudi nyumbani saa nne asubuhi. Mtu anayerudi saa nne asubuhi hana habari njema. Nilizima cherehani.

"Wa gizani hawafi," akasema.

"Si vizuri?"

"Wifi, ilitakiwa wapungue. Chupa saba zimepungua, tano hazijapungua kama zilivyotakiwa. Jaribio zima limevurugika." Akavua kilemba, akakikunja, akakikunjua. "Wanasema nimefungua mifuko."

Fundi pampu, aliyekwisha kulisikia jina lile kwa wifi mwenyewe, ndiye aliyeanza, kwa utani wake: "Chungulia kachungulia! Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Watu wakacheka. Dokta hakucheka. Alikumbuka kwamba mwaka uliopita alimkuta wifi amefungua jokofu la sampuli ili tu aone barafu inavyoota. Akamwambia arudi kwenye sinki kwa sasa, na kwamba Jumatatu atampelekea mkuu wa kituo maelezo. Mkuu akisoma kwamba mtumishi amefungua chupa za giza, hata sinki halitakuwepo.

Ningepaswa kusema neno la faraja. Nikasema hivi:

"Kweli hukufungua? Hata kidogo? Hata kuchungulia tu?"

Alinitazama kama alivyotazama chupa ile yenye alama begani.

"Wifi," akasema polepole, "mimi nafunua sufuria. Chupa ya giza ukiifunua unaiua kazi. Unadhani sijui tofauti?"

Akaingia chumbani. Redio haikuwashwa siku ile wala iliyofuata.

Nakiri kwamba sikumwamini. Nilisema nimemwamini, nikampikia, nikamgombeza kaka yake alipotaka kumtania. Lakini moyoni nilikuwa naziona zile sufuria zangu tatu. Ninamjua. Mtu wa kuchungulia anachungulia. Na nilikuwa nikiwaza mbali: akifukuzwa, kwa umri wake, ataajiriwa na nani? Atakaa jikoni kwangu mpaka lini, bila cha kutazama? Wengine hunyauka wakikosa chakula. Huyu angenyauka akikosa kitu cha kutazama.

Jumamosi alileta mifuko nyumbani ioshwe chumvi. Dokta alikuwa ametaka ioshwe na kurudishwa stoo. Niliifua yote kumi na miwili, nikaianika, na ilipokauka nikaanza kuigeuza nje ndani nikikung'uta chumvi iliyoganda kwenye pindo. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi, uani hakuna mtu.

Sasa, nitasema kilichonituma nifanye nilichofanya, na mtu asicheke. Nilitaka kujua. Nilikuwa nimesikia habari za hawa viumbe miezi yote hiyo, nikawaonea huruma wale wa chupa kumi na mbili waliotiwa gizani bila kosa, nikataka kuona giza lao lilivyo. Nikatazama huku na huku. Nikauvaa mfuko kichwani.

Haukuwa giza.

Mbele ya pua yangu ulipita mstari wa vitone vya mwanga, umenyooka kama nilivyounyoosha mimi mwenyewe, na kando yake mstari wa pili, sambamba. Kila pale sindano yangu nene ilipopita, jua lilikuwa limepata mlango. Kitambaa kilikuwa kizima. Mshono ndio uliovuja, na kwa kuwa nilitaka uwe imara nikaupiga mara mbili, tundu nazo nikazizidisha mara mbili.

Jasho lilikuwa linanitoka. Nilivaa wa pili, wa tatu. Mingine uzi ulikuwa umevimba majini ukaziba tundu, giza karibu kamili, mingine ilimeta. Niliitenga. Iliyometa ilikuwa mitano.

Mtu akiniuliza kama niliwaza kunyamaza, nitasema ndiyo. Nilikuwa nimesifiwa na kituo kizima kwa mifuko ile. Dokta mwenyewe aliivuta kwa mikono miwili akasema, "Hii ni kazi ya fundi." Na kama ningeichoma moto, nani angejua? Lakini mlango wa chumba cha wifi ulikuwa umefungwa mchana kweupe, na yeye hajawahi kufunga mlango tangu aje.

Niligonga.

"Vaa hii," nikamwambia.

"Nivae nini?"

"Mfuko. Kichwani. Nje, juani."

"Wifi, mimi nina huzuni, wewe ndiye uliyechanganyikiwa?"

"Vaa!"

Akavaa. Nikaona mabega yake yametulia, halafu yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, mfuko ungali kichwani.

"Hana mpinzani!" akasema humo ndani. "Nilimwambia Dokta, wifi yangu hana mpinzani!"

"Nisamehe."

Akauvua. Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Kwa mshono nakusamehe sasa hivi," akasema. "Kwa lile swali lako, nipe muda."

Jumatatu saa mbili asubuhi tulikuwa mlangoni mwa kituo, mifuko imo kapuni. Nilikuwa kama ninayeitwa shuleni kwa kosa la mtoto. Wifi alikwenda moja kwa moja kwenye sinki akafungua bomba. Alisema hapandi mpaka aitwe. Mimi nikapanda paani peke yangu. Dokta alikuwepo na karatasi zake, na fundi pampu alikuwa akifunga kwa spana kola, ule mkanda wa chuma wa bomba.

Sikujua kuanza vizuri. Nikasema, "Dokta, shikamoo. Samahani, naomba uvae mfuko huu."

"Marahaba... dada, mimi wa kuamkiwa na wewe? Nivae wapi?"

"Kichwani. Tazama jua."

Nadhani alivaa kwa sababu uso wangu ulimtisha. Alisimama katikati ya paa, viatu vya mpira, kichwa cha turubai, akageuka upande huu, akageuka ule. Fundi pampu aliacha kola yake.

"Dokta, tupige picha?"

"Nyamaza," ikatoka sauti ndani ya mfuko. Halafu: "Njoo na wewe uvae mmoja."

Wakawa wawili. Mkuu wa kituo alitokea ngazini akawakuta hivyo, watumishi wake wawili wamevaa mifuko wanalitazama jua, na mwanamke mgeni amesimama kando amekumbatia kapu. Akashuka tena bila kuuliza.

Dokta alipouvua nywele zilikuwa zimesimama. Akaniuliza ni sindano namba gani. Nikamwambia. Akaniuliza mishono mingapi kwa urefu wa kidole. Nikamwambia. Aliandika yote.

"Sijui kama mwanga huu mdogo ndio uliowashikilia," akasema. "Huenda ndio, huenda sio. Ninachojua ni kwamba giza letu halikuwa giza, kwa hiyo hatuwezi kusema chochote." Akamgeukia fundi pampu. "Kamwite."

Wifi alipanda akikausha mikono kwenye aproni, taratibu, kama mtu aliyealikwa. Dokta alimwambia wazi mbele yetu sote: "Mama, nilikosea. Nilikuhukumu kwa jina la utani."

"Hukuniuliza," wifi akasema. "Ungeniuliza ningekwambia kagua mifuko. Nilikuwa nimeshaona zilizokaidi ni zilezile tano kila hesabu. Mtu anayechungulia hachungulii tano zilezile. Angechungulia zote."

Dokta alifunua karatasi zake akatazama. Ilikuwa hivyo. Zilezile tano.

"Umdhaniaye ndiye siye," fundi pampu akasema kwa sauti ndogo, akitafuta pa kuweka spana yake.

"Wewe nyamaza, na methali zako za pande zote," wifi akamwambia.

Maelezo yale hayakwenda kwa mkuu. Yalikwenda mengine, yenye habari za mshono. Jaribio likaanza upya, chupa zilezile ishirini na nne, na mifuko nikaishona mimi, maana Dokta alisema anayejua tundu zilipo ndiye afadhali azizibe. Sindano nyembamba, mshono mmoja, ukakunjwa ndani ya kitambaa ukafunikwa na pindo la pili, na juu yake utepe mweusi wa gundi ya mpira. Kila mfuko ulivaliwa kichwani na watu watatu kabla haujapanda paani. Wifi alikuwa wa mwisho, na yeye ndiye aliyekuwa akisema ndiyo au hapana. Miwili aliirudisha. Sikubisha.

Siku ya nane aliniambia nimsindikize. Chumba cha hadubini ni kidogo, pazia zito, meza moja, vigoda viwili. Alinikalisha, akanielekeza nifumbe jicho la kushoto. Mwanzoni niliona kope zangu tu. Kisha, kwenye weusi, vitone vya bluu vilivyotiwa dawa ya kung'aa, vingi, vimetawanyika kwenye miraba midogo kama ufuta uliomwagika.

"Hao ni wa juani," akasema. "Sasa hawa."

Akabadilisha kioo. Weusi, na vitone vichache, huku kimoja, kule viwili. Nilitafuta zaidi nisione. Nilijisikia vibaya kwa ajili yao, na pia, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Alihesabu mpaka saa nane mchana bila kula. Dokta aliingia mara mbili akatoka. Mwishoni wifi alimpa karatasi. Chupa za giza zilikuwa zimepungua mno, zote, isipokuwa moja, namba tisa, iliyokuwa na watu wake karibu kama ya juani.

Fundi pampu alikuwa amesimama mlangoni. Alifungua kinywa. Akakifunga.

Dokta aliuleta mfuko wa namba tisa, tukauvaa mmoja baada ya mwingine pale dirishani. Giza tupu. Akaiweka karatasi mezani, akavuta kigoda cha pili, akakaa karibu na wifi yangu.

"Mama," akamuuliza, "wewe unafikiri ni nini?"

Wifi aliivuta hadubini karibu. Alikuwa ameegemea meza, jicho moja limefumbwa tayari.

"Sijui bado," akasema. "Nileteeni kijiko kingine, kutoka chupa hiyohiyo."